Uwezo wa Kiyoyozi: Namba ya BTU na Joto la Pwani

Kila kiyoyozi kinachouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, Mombasa, au Darajani kisiwani Unguja, huja na namba kubwa kwenye boksi lake: 9,000, 12,000, 18,000 au 24,000. Namba hiyo huhesabiwa kwa BTU, na maana yake ni kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukitoa chumbani kwa muda wa saa moja. Haielezi chumba kitafikia nyuzi ngapi, wala mashine itakula yuniti ngapi za umeme. Ni kipimo cha kasi ya kazi peke yake, tena kazi iliyopimwa katika maabara ambako hali ya hewa imepangwa. Kati ya maabara hiyo na chumba cha kulala chini ya bati huko Mbagala au Likoni kuna mambo mengi, na hayo ndiyo yanayoamua kama fedha ya mnunuzi imekwenda mahali pake.

BTU moja ni joto linalotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti, yaani takriban jouli 1,055. Ni kipimo cha Waingereza cha zama za injini za mvuke, kilichodumu katika biashara ya viyoyozi hasa kwa nguvu ya soko la Marekani. Ulaya, mashine hiyohiyo huandikwa kwa kilowati. BTU 3,412 kwa saa ni sawa na kilowati moja, kwa hiyo mashine ya 12,000 huondoa joto la kilowati 3.5 na ile ya 9,000 huondoa kilowati 2.6.

Kuna pia kipimo cha tani, kilichorithiwa kutoka enzi ambapo baridi iliuzwa kama barafu. Tani ya Kimarekani ina ratili 2,000. Barafu ya uzito huo ikiyeyuka yote katika saa 24 hunyonya BTU 288,000, ambazo ni 12,000 kwa kila saa. Katika nchi za Ghuba tani ndiyo lugha ya dukani, na Mswahili anayeishi Maskati akisema kiyoyozi cha tani moja na nusu anataja kilekile ambacho mwenzake wa Dar es Salaam hukiita cha BTU elfu kumi na nane.

Kipimo kinacholeta utata ni HP. Kwa fizikia, HP moja ni wati 746, na haina uhusiano wa moja kwa moja na joto linaloondolewa. Zamani mashine zilitajwa kwa nguvu ya mota ya kompresa, na desturi ikabaki madukani: HP 1 husemwa kwa mashine ya 9,000, HP 1.5 kwa ya 12,000, HP 2 kwa ya 18,000. Kompresa za leo hufanya kazi kubwa zaidi kwa umeme mdogo zaidi, hivyo uwiano huo umebaki kuwa jina tu. Anayetaka kulinganisha mashine mbili asome bamba lililobandikwa ubavuni, ambako uwezo umeandikwa kwa BTU au kwa wati.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Gesi iliyo ndani ya mabomba ya shaba huvukia kwenye koili ya ndani, na katika kuvukia hunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni. Kompresa iliyo nje huishindilia gesi hiyo mpaka iwe ya moto kuliko hewa ya mtaani, ndipo koili ya nje inapoweza kulitupa joto lile. Umeme unaoiendesha kompresa nao huishia kuwa joto la kutupwa. Mashine ya 12,000 inayokula kilowati 1.1 hutupa nje karibu kilowati 4.6. Hapo ndipo unapoonekana ubaya wa kuibana mashine ya nje kwenye ushoroba wa gorofa, au kuizungushia ukuta kwa hofu ya wezi: inaivuta tena hewa ya moto iliyoitoa yenyewe, uwezo wake unashuka na umeme unapanda. Kizimba cha nondo chenye nafasi za kupitisha upepo huzuia wezi vilevile, na hakiinyimi mashine pumzi.

Kwa kuwa chumba huendelea kupokea joto wakati wote, kazi ya kiyoyozi hufanana na kufua maji katika dau linalovuja. Maji hupungua pale tu kasi ya kufua inapozidi kasi ya kuvuja, na yakitulia kwenye kina fulani ni kwa kuwa kasi hizo mbili zimelingana. Joto la chumba hutulia kwa namna hiyohiyo. Mashine ya 9,000 katika chumba kinachopokea BTU 14,000 kwa saa itafanya kazi mchana kutwa bila kupumzika, na chumba kitakwama kwenye nyuzi 28 au 29 hata kama rimoti inaonyesha 16. Kushusha rimoti hakuongezi kasi. Kwa mashine ya kawaida, ambayo kompresa yake ina mwendo mmoja tu, rimoti ikiwa 16 au 24 chumba hupoa kwa kasi ileile mpaka kifike 24. Tofauti ni kwamba kwenye 16 mashine haitasimama hapo.

Namba ya boksi hupatikanaje? Viwango vya kimataifa, hasa ISO 5151, huagiza mashine ifungwe kati ya vyumba viwili vya maabara. Katika kipimo cha kawaida, kiitwacho T1, chumba cha ndani hushikiliwa kwenye nyuzi 27 na unyevu wa karibu asilimia 47, na cha nje kwenye nyuzi 35. Kwa nchi za joto kali kipo kipimo cha T3, ambapo nje huwa nyuzi 46. Mashine iliyopimwa kwa T1 ikipelekwa Maskati mwezi wa Juni hupoteza sehemu ya uwezo wake, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20, kwa sababu ni kazi ngumu zaidi kulitupa joto katika hewa ambayo yenyewe inaunguza. Ndiyo maana wanunuzi wa Ghuba hutafuta alama ya T3. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hazina shida hiyo kwa kiasi hicho: hata katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la mchana huzunguka nyuzi 32 au 33. Mashine ya T1 hufanya kazi katika joto lililo chini ya kiwango ilichopimiwa, alimradi mashine ya nje inapata upepo na kivuli.

Shida ya pwani iko kwingine, nayo ni unyevu. Hewa ya joto hubeba maji yasiyoonekana. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 ina karibu gramu 23 za mvuke katika kila kilo ya hewa. Hewa ya starehe, ya nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55, ina gramu 11. Kuigeuza ile ya kwanza iwe ya pili ni lazima gramu 12 za maji zitolewe katika kila kilo, na mvuke haugeuki kuwa maji mpaka uachie joto fiche ulilolibeba tangu ulipovukia baharini au kwenye ardhi. Lita moja ya maji yanayodondoka kwenye koili ni joto la karibu kilowati-saa 0.68 lililoondolewa bila kipimajoto cha chumbani kushuka hata nyuzi moja.

Hesabu ikifanywa yote, kila kilo ya hewa ya nje inayoingia chumbani huitaka mashine iondoe takriban kilojouli 37. Kati ya hizo, 7 tu ndizo za kushusha nyuzi kutoka 32 hadi 25. Zilizobaki, ambazo ni kama sehemu nne kati ya tano, ni za unyevu. Hili ndilo jambo ambalo majedwali ya madukani hayalisemi, na lina uzito kuliko yote kwa anayeishi kati ya Lamu na Mtwara. Dodoma, ambako mwaka ni mkavu kwa sehemu kubwa, hewa inayopenya chini ya mlango ni kero ndogo. Dar es Salaam hewa hiyohiyo ni mzigo.

Historia ya mashine yenyewe inaliunga mkono jambo hili. Mwaka 1902, mhandisi kijana Willis Carrier alipochora mtambo unaohesabiwa kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, hakuwa akimtafutia mtu yeyote usingizi mzuri. Kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms huko Brooklyn, New York, kilisumbuliwa na karatasi zilizotanuka na kusinyaa kila unyevu wa hewa ulipobadilika, hata rangi za picha zikakosa kukutana mahali pake. Kazi aliyopewa Carrier ilikuwa kuudhibiti unyevu. Ubaridi ulikuwa njia ya kufika huko.

Bomba la maji la kiyoyozi, lile linalodondoshea ndoo nyuma ya nyumba, kwa hiyo ni kipimo cha bure. Likitoa nusu lita kwa saa, mashine inatumia BTU 1,160 hivi za uwezo wake kukausha hewa. Likitoa lita moja na nusu usiku wa manane, wakati madirisha yamefungwa na waliolala ni wawili tu, hewa ya nje inaingia kwa wingi mahali fulani, na kununua mashine kubwa zaidi hakutaziba mahali hapo.

Nyumba yenyewe, basi, ndiyo inayoamua BTU ngapi zinahitajika, na nyumba za pwani zinatofautiana sana. Karibu na ikweta jua hupita juu ya kichwa, hivyo uso wa nyumba unaopigwa zaidi ni paa, na saa sita mchana kila mita ya mraba hupokea karibu wati 1,000. Bati lililochakaa au lenye rangi ya giza hufika nyuzi 60 na zaidi. Hewa iliyonaswa kati ya bati na dari hupanda nyuzi 45 hadi 50, na dari ya jipsamu au silingi bodi, isiyo na chochote juu yake, huliruhusu joto hilo kushuka kwa urahisi. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua la ubavu kwa sehemu tu ya mwaka. Za mashariki na magharibi hupigwa kila siku, na dirisha la magharibi lisilo na kivuli linaweza kuingiza karibu nusu kilowati kwa kila mita ya mraba ya kioo alasiri, saa ambazo nyumba tayari imelowa joto la mchana kutwa.

Vyumba viwili vya ukubwa mmoja, mita 4 kwa 4 na kimo cha mita 2.8, vinatosha kuonyesha tofauti. Cha kwanza kiko ghorofa ya kati ya jengo la Upanga. Kina ukuta mmoja tu wa nje, unaoelekea kusini, na dirisha la alumini linalofunga vizuri. Kinatumika usiku na watu wawili. Joto linalopenya kwenye ukuta wa nje, sakafu, dari na kuta za vyumba jirani visivyo na kiyoyozi hufika wati 700 au 750. Miili miwili iliyolala hutoa 150 hadi 200. Hewa inayopenya, kama ni nusu ya hewa ya chumba kwa kila saa, huleta karibu 270. Ukiongeza taa na chaja za simu, jumla ni kama wati 1,300, ambazo ni BTU 4,400. Mashine ndogo kuliko zote zilizotajwa mwanzoni, ya 9,000, inatosha na kusaza, na ziada hiyo ndiyo inayokipoza chumba haraka jioni kinapofunguliwa.

Chumba cha pili kiko kwenye nyumba ya chini yenye paa la bati na dari tupu. Ukuta mmoja unaelekea magharibi, una dirisha la mita mbili za mraba la vipande vya vioo vya kufungua kwa mkono, vile visivyobana kamwe, na juu ya dirisha kuna matundu ya hewa yenye wavu wa mbu. Watu wanne wanakaa humo alasiri wakitazama televisheni. Dari peke yake huingiza wati 1,100. Dirisha huleta 900, ukuta wa magharibi 340, kuta za ndani 280. Miili ya watu walioketi hutoa takriban 120 kila mmoja, jumla 480, na televisheni 100. Hewa ya chumba ikibadilika mara mbili kwa saa, na kwa madirisha hayo inaweza kuzidi hapo upepo ukivuma, mzigo wake ni wati 1,070. Jumla ni karibu wati 4,270, sawa na BTU 14,600. Hapa 12,000 haitoshi. Fundi ataleta 18,000, na kwa hali ya chumba ilivyo atakuwa na haki.

Haya ni makadirio, na nyumba halisi itapanda au kushuka. Lakini mwelekeo wake ni wa kuaminika: eneo lilelile la sakafu, mahitaji mara tatu na zaidi.

Katika chumba hicho cha pili, kuweka tabaka la kuzuia joto juu ya dari, sufi ya madini au karatasi ya kuakisi iliyoachiwa nafasi ya hewa, kunaweza kushusha wati 1,100 hadi chini ya 300. Kibaraza, pazia la nje au mti upande wa magharibi huiondoa sehemu kubwa ya zile 900. Kivuli kilicho nje ya kioo hufaa kuliko pazia la ndani, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo joto limekwisha ingia. Kuziba matundu na kubadili dirisha hupunguza mzigo wa hewa kufikia robo. Mahitaji yote hushuka hadi wati 2,000 hivi, yaani BTU 7,000, na mashine ya 9,000 inachukua nafasi ya ile ya 18,000. Gharama ya kazi hiyo hulipwa mara moja. Tofauti ya umeme hulipwa kila mwezi, kwenye LUKU au kwenye tokeni, kwa maisha yote ya mashine.

Kuziba nako kuna mpaka wake. Viyoyozi vya kawaida vya ukutani haviingizi hewa mpya. Huzungusha ileile iliyomo. Watu wanne katika chumba kilichofungwa kabisa hujaza hewa ya kaboni na huamka na kichwa kizito. Mlango hauna budi kufunguliwa mara kwa mara, au iachwe njia ndogo ya hewa inayojulikana iko wapi na inaweza kufungwa. Matundu kumi yasiyo na mwenyewe ni kitu kingine.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu zina tabia yao. Kuta za mawe ya matumbawe, nene kwa kiasi cha nusu mita, hulichelewesha joto la mchana hadi usiku, na vichochoro vyembamba huzuia jua lisizifikie kuta. Kiyoyozi kinachowashwa humo kwa saa moja hupambana na mawe yenyewe na huonekana dhaifu; kikiachwa kifanye kazi taratibu kwa muda mrefu hukamilisha kazi kwa uwezo mdogo. Kwa nyumba ya makuti iliyo wazi chini ya paa hakuna namba ya BTU inayofaa. Hiyo imejengwa kwa ajili ya upepo, na chombo chake ni pangaboi.

Kanuni za haraka zinazozunguka madukani zisomwe kwa kuzingatia hayo yote. Mafundi wengi wa pwani huhesabu takriban BTU 600 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Mwongozo wa Energy Star wa Marekani, kwa mashine za dirishani, hutoa BTU 20 kwa kila futi ya mraba, ambazo ni kama 215 kwa mita. Huongeza asilimia 10 kwa chumba chenye jua kali, hupunguza asilimia 10 kwa chenye kivuli, huongeza BTU 600 kwa kila mtu baada ya wawili wa kwanza, na BTU 4,000 chumba kikiwa jiko. Kanuni mbili zinazotofautiana karibu mara tatu zinaweza zote kuwa sahihi, kila moja mahali pake. Ya Marekani inadhania nyumba yenye dari iliyofunikwa na madirisha yanayobana. Ya mafundi wa pwani inadhania chumba kinachokaribia kile cha pili kilichoelezwa hapo juu, na ikitumika kwenye chumba cha kwanza huuza mashine kubwa bila sababu.

Mashine kubwa kupita kiasi ina madhara yake, ingawa wauzaji wachache hukubali kulisema hilo. Kompresa ya mwendo mmoja yenye uwezo mkubwa hushusha nyuzi haraka, thamostati huridhika baada ya dakika chache, na kompresa husimama. Lakini maji huanza kudondoka kwenye koili baada ya koili kupoa na kulowa, hivyo katika mizunguko mifupi hewa haipati muda wa kukauka. Feni ikiendelea kuzunguka huku kompresa imesimama, maji yaliyobaki kwenye mapezi ya koili huvukia na kurudi chumbani. Matokeo yake ni ubaridi wa majimaji: ngozi inanata, shuka zina unyevu, kuvu inaota nyuma ya kabati. Mwenye nyumba hujibu kwa kushusha rimoti hadi 18, na mzunguko unazidi kuwa mbaya. Kuwaka na kuzima kila mara pia huichosha kompresa. Mashine ndogo mno nayo haisimami wala haikati kiu, lakini angalau hukausha hewa vizuri. Kati ya kosa la kupungukiwa kidogo na la kuzidisha sana, la kwanza ni afadhali kwenye hali ya hewa ya pwani.

Teknolojia ya inveta, iliyoingizwa kwenye viyoyozi vya nyumbani na kampuni za Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, imelainisha tatizo hili. Kompresa yake hubadili mwendo, hivyo uwezo hupanda na kushuka kulingana na mzigo. Kwenye bamba lake, baada ya 12,000, huandikwa kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano 3,400 hadi 13,000. Namba ya chini ndiyo ya kutazamwa, kwa sababu ndiyo mashine itakayoishi nayo usiku kucha. Chumba kinachohitaji BTU 2,500 saa tisa usiku kikipewa inveta ambayo haishuki chini ya 6,000, mashine itawaka na kuzima kama zile za zamani.

Kuhusu umeme, uwezo na ulaji ni mambo mawili. Uwiano wake huandikwa kama EER, yaani BTU zinazoondolewa kwa saa kwa kila wati inayotumika. Mashine mbili za 12,000, moja yenye EER 9.5 na nyingine 12.5, zitatumia wati 1,263 na 960. Zikifanya kazi kwa nguvu yote saa nane, ya kwanza itakula yuniti 10.1 na ya pili 7.7. Kipimo cha SEER hupima uwiano huo kwa msimu mzima na huwa na namba kubwa zaidi, kwa hiyo EER ya mashine moja isilinganishwe na SEER ya nyingine. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2016 za lebo ya nyota zinavihusu pia viyoyozi, na lebo hiyo humsaidia mnunuzi kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Pangaboi nalo lina nafasi yake: upepo wake humfanya mtu aone nafuu ya nyuzi mbili au tatu, hivyo kiyoyozi kilichowekwa 27 pamoja na pangaboi la mwendo wa taratibu hutoshana na 24 bila pangaboi, kwa mzigo mdogo zaidi.

Viyoyozi vya kusukuma, vyenye magurudumu na bomba moja la kutoa moto dirishani, vina kasoro ya kimsingi. Hewa inayotupwa nje huvutwa kutoka chumbani humohumo, na nafasi yake huchukuliwa na hewa ya nje inayopenya kila upenyo pamoja na unyevu wake wote. Marekani ililazimika kuviwekea kipimo tofauti kinachokata hasara hiyo, na mashine iliyouzwa kama ya 14,000 inaweza kushuka hadi chini ya 10,000 kwa kipimo hicho kipya. Kwenye hewa ya Mombasa hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa hewa inayoingia ni nzito kwa mvuke.

Uwezo hupungua pia kadiri miaka inavyopita. Chujio lililojaa vumbi hupunguza hewa inayopita kwenye koili ya ndani. Likioshwa kila baada ya wiki mbili au tatu, hasara hiyo haipo. Koili ya nje iliyo karibu na bahari hushambuliwa na chumvi, mapezi yake ya alumini yakageuka unga mweupe na kuvunjika. Kuimwagia maji safi mara kwa mara, baada ya kuzima umeme, hurefusha maisha yake. Umeme mdogo, unaoshuka saa za jioni katika mitaa mingi, huifanya kompresa ya kawaida kuhangaika na hata kuungua.

Kuna pia kauli inayosikika kila mahali, kwamba gesi imeisha. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Mfumo wake umefungwa, na ikipungua imevuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi baada ya miezi michache, na gesi iliyotoka inachangia kuongeza joto la dunia. Kilo moja ya gesi ya R-410A ina athari ya zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa. R-32 inayoichukulia nafasi ina theluthi ya athari hiyo. Marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyopitishwa Kigali mwezi Oktoba 2016 yanalenga kuzipunguza gesi za aina hii hatua kwa hatua. Kujaza kwa kukisia pia huharibu uwezo, kwa kuwa gesi ikizidi hupunguza kazi ya mashine kama inavyopunguza ikipungua. Kiasi sahihi kimeandikwa kwa gramu kwenye bamba la mashine ya nje, na mabomba yakiwa marefu kuliko kiasi kilichotajwa kwenye kitabu cha mashine huongezwa gramu kadhaa kwa kila mita. Kazi hiyo hufanywa kwa mizani, baada ya tundu kuzibwa na mabomba kuvutwa hewa yote kwa pampu.